Samaki Anapokaribia Kuzaa: Dalili Zake na Haki Yake



Wasomaji wetu watukufu, juma hili tunajibu swali la akina mama wa Nakuru ambao watoto wao wanafuga samaki wa rangi katika matangi ya kioo. Wanauliza: samaki amevimba tumbo, watoto wanasema ana mimba, tutajuaje kwamba ni kweli, na siku yake ikiwadia tumfanyie nini? Tumeona swali hili lastahili nafasi katika safu yetu. Sote tunaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Samaki wa tangini hali yake ni kama ya paka yule. Chakula chake, joto lake na usalama wa watoto wake vimo mikononi mwetu.

Samaki wengi hutaga mayai. Wapo wanaoyatunza kwa namna ya ajabu, kama wale tilapia wadogo wa Ziwa Nakuru, walioletwa kutoka Ziwa Magadi kuanzia miaka ya 1950 ili wale viluwiluwi vya mbu. Mama huyabeba mayai kinywani mwake mpaka yaanguliwe. Ama gapi, moli na plati, ambao ndio wengi katika matangi ya nyumbani, hawatagi kabisa. Mayai yao hukua ndani ya tumbo la mama, na watoto hutoka wakiwa kamili, wana macho na mapezi, wakaogelea saa ile ile.

Kwanza hakikisheni kwamba mnayemtazama ni jike. Dume la gapi ni dogo, lina rangi nyingi na mkia mpana, na pezi lake la chini, nyuma ya tumbo, ni jembamba kama kijiti. Jike ni kubwa zaidi, rangi zake ni chache, na pezi lake hilo limekunjuka kama kipepeo cha jikoni.

Dalili ya kwanza ya mimba ni doa jeusi au la hudhurungi lililo nyuma ya tumbo, karibu na tundu la haja. Mimba ikikua, doa hupanuka na kukolea. Kwa gapi wenye ngozi nyepesi, siku za mwisho huweza kuonekana nukta ndogo ndogo nyeusi humo ndani: hayo ni macho ya watoto. Kwa moli mweusi doa halionekani, basi itazameni dalili ya pili, nayo ni umbo. Tumbo hujaa polepole, na siku zikikaribia hushuka chini ya koo likafanya pembe kama kisanduku. Dalili ya tatu ni mwenendo. Mama hujitenga na wenzake, hujificha kwenye majani au pembe ya tangi, hukataa chakula, hupumua kwa haraka, na pengine hutulia mahali pamoja akitetemeka. Mkiyaona hayo, jueni kwamba zimebaki saa, wala si majuma.

Mimba ya gapi huchukua majuma 3 hadi 4 na zaidi kidogo. Ya moli aghalabu huzidi mwezi. Hesabu hii hutegemea joto la maji, na hapa ndipo sisi wa Bonde la Ufa tunapotofautiana na ndugu zetu wa Mombasa na Lamu. Nakuru iko juu kiasi cha mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi hukaribia nyuzi 10. Samaki hawa hupenda maji ya nyuzi 24 hadi 27. Maji yakipoa, mimba hurefuka na mama hudhoofika. Mwenye uwezo atie hita ndogo na kipimajoto; asiye nayo aliweke tangi mbali na dirisha na mlango, na alifunike usiku.

Tahadhari: si kila tumbo lililovimba ni mimba. Samaki aliyelishwa kupita kiasi huvimba, na hupungua akiachwa siku moja bila chakula. Lakini mkiona magamba yamesimama kama manyoya ya kuku aliyepatwa na baridi, huo ni ugonjwa. Mtengeni na wenzake.

Siku ya kuzaa ikikaribia, msimsumbue. Kumkimbiza kwa wavu dakika za mwisho humtia hofu, naye huweza kuzaa kabla ya wakati. Mkitaka kumhamishia chombo kingine, fanyeni hivyo mapema, na maji yawe ya joto lile lile. Maji ya bomba yaacheni wazi katika ndoo siku nzima ili klorini itoke. Lililo bora kuliko yote ni majani mengi ya majini, yawe maficho ya watoto.

Maficho hayo yana sababu yake. Samaki hawa hula watoto wachanga, na mama mzazi huwala wake mwenyewe. Watoto wa nyumbani wakiliona jambo hilo hulia na kumwita mama yule katili. Waelezeni kwa upole kwamba samaki huyu hakupewa silika ya kulea. Kwake kila kidogo kinachopita ni chakula. Ulezi ni wetu tuliomfungia mahali pamoja na wanawe. Basi akimaliza kuzaa, mtengeni apumzike, na wachanga walisheni mara chache kwa siku chakula kilichosagwa kama vumbi, au kiini cha yai lililochemshwa, kiasi cha ncha ya kisu. Kinachobaki kitoeni kisichafue maji.

Limebaki la mwisho, nalo ni zito. Jike la gapi huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi, akazaa tena na tena bila ya dume kuwapo. Uzao mmoja huweza kufika samaki 50. Tangi hujaa upesi, na hapo wengine huona ni huruma kuwamwaga Mto Njoro au Ziwa Naivasha. Hiyo si huruma. Naivasha palikuwa na samaki mdogo wa asili asiyepatikana kwingineko. Baada ya watu kuleta samaki wageni, akiwemo besi mla samaki kutoka Marekani, yule wa asili alitoweka, wala hajaonekana tangu miaka ya 1960. Jike mmoja mwenye mimba atosha kuanzisha kizazi kigeni mtoni. Watengeni madume na majike wakingali wadogo, kabla hawajatimiza mwezi, na waliozidi wagawieni jirani na jamaa wanaojua kuwatunza.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalizi wema wa kila tulichokabidhiwa, kikubwa na kidogo. Amin.