Zebaki ya machimboni, hasara ya mvuvi

Mfanyabiashara wa samaki Kanda ya Ziwa anaijua hasara ya barafu kuisha na ya gari kuharibika njiani. Lakini ipo hasara nyingine isiyoonekana kwa macho wala kunuka. Hiyo ni ya metali nzito, hasa zebaki inayotoka kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu.

Wachimbaji wengi wadogo katika maeneo kama Geita hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu, kisha huichoma ili ibaki dhahabu. Mvuke hupanda angani na kurudi na mvua, na mchanga uliooshwa hubaki kandokando ya vijito. Masika yakija, sehemu ya zebaki hiyo huteremka hadi ziwani.

Ndani ya tope, bakteria huigeuza kuwa aina ya sumu inayoingia mwilini kwa urahisi. Huanzia kwa vijimea vya majini, ikafuata kwa dagaa na furu, ikaishia kwa sangara anayewala. Kila hatua kiwango huongezeka, kwa hiyo sangara mkubwa na mzee huwa na zebaki nyingi kuliko mdogo. Kukaanga, kubanika au kutia chumvi hakuiondoi.

Samaki mwenyewe pia huumia. Shaba na zinki zikizidi majini huharibu mashavu anayopumulia. Metali nyingine hudumaza ukuaji na kupunguza mayai yanayoanguliwa. Mfugaji wa sato huliona hilo kama vifaranga kufa na chakula kupotea bure.

Je, samaki wa Ziwa Victoria hawafai? La hasha. Vipimo vingi vilivyofanyika tangu miaka ya 1990 vimeonyesha kuwa sangara walio wengi wako chini ya miligramu 0.5 za zebaki kwa kilo, kiwango cha juu ambacho Umoja wa Ulaya hukiruhusu kwa samaki wengi. Hatari kubwa zaidi iko kwenye vijito na madimbwi yaliyo jirani na sehemu za kuchenjulia dhahabu.

Hata hivyo, soko halisubiri ziwa zima lichafuke. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hilo kwa hofu ya viuatilifu vilivyotumika kuvulia. Aliyevua kwa nyavu halali aliumia sawa na aliyetia sumu, kwa kuwa mnunuzi wa mbali hatofautishi mwalo na mwalo.

Hapo ndipo lilipo suala la kiuchumi. Mchimbaji anapotumia zebaki, gharama yake ni bei ya zebaki tu. Gharama ya maji kuchafuka inabebwa na mvuvi, mchuuzi wa kayabo na mama anayelisha watoto. Kwa kuwa halipii uharibifu huo, hana sababu ya kibiashara ya kuacha.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Utekelezaji wake utaonekana machimboni, kwa mikopo ya vifaa vinavyonasa mvuke na kwa kuhamisha uchenjuaji mbali na vijito. Vyama vya wavuvi na vya wachimbaji vinapaswa kukaa meza moja na halmashauri, kabla mnunuzi hajafunga mlango.

Kwa sasa, mfugaji asichimbe bwawa chini ya mto unaopita machimboni, na apime maji kabla ya kununua vifaranga. Mchuuzi aulize samaki wametoka wapi. Matumbo, ini na mashavu vitupwe, maana risasi na kadimi hukusanyika zaidi humo, ingawa zebaki hukaa kwenye mnofu. Mjamzito na mtoto wachague sato wadogo au dagaa kuliko sangara wakubwa.

Dhahabu ya mgodi huisha siku moja. Ziwa likitunzwa, litaendelea kulisha watoto wetu.