Bei Ndogo Si Thamani

Askari aliyerejea kutoka Somalia, ambako Burundi ilianza kupeleka vikosi mwaka 2007, huja na kitita ambacho mshahara haukikusanyi upesi. Akifika Rumonge hushawishiwa kununua mtumbwi wa mashine. Siku hizi husikia pia habari za hisa. Sisi twasema vipimo ni vile vile.

Mnunuzi wa mtumbwi mwenye akili hatazami rangi. Hugonga mbao, husikiliza mashine, huuliza kama chombo kina deni. Tena hukumbuka kwamba mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi tangu Mei 15 hadi Agosti 15: aliyekopa angelipa kwa ndagala gani?

Kiwanda cha sukari cha Mumias, nchini Kenya, kiliuza hisa kwa umma mwaka 2001 kwa shilingi 6.25. Baadaye ziliporomoka chini ya shilingi 1, zikaonekana rahisi. Madeni hayakuwa rahisi: mwaka 2019 kiwanda kilitiwa mikononi mwa msimamizi wa wadai, na hisa zikasimamishwa sokoni. Safaricom nayo ilianza kwa shilingi 5 mwaka 2008 ikashuka chini ya 3, lakini biashara yake ilikuwa hai, na mwaka 2021 bei ilipita 40. Aliyenunua wakati huo, akivutwa na sifa, aliiona chini ya 20 mwaka 2023. Kampuni ilikuwa njema. Bei ndiyo iliyozidi.

Karo ya watoto isiguswe. Naye ajaye kambini na fomu za hisa pasipo hesabu za kampuni, aonyeshwe lango.