Mtoto wa mjini na nyimbo za kanisa la nyanyake

Je, mwanao anajua nyimbo ngapi za kanisa? Hesabu polepole. Wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja, alijua zaidi ya arobaini, na nilijivunia jambo hilo mbele ya majirani zangu wa mtaa wa Umoja jijini Nairobi. Alijua za Kiswahili, alijua za Kiingereza, na alijua hata zile za kurukaruka ambazo watoto siku hizi hujifunza kwenye simu bila mwalimu. Kisha Aprili 2023 baba mkwe akafariki. Tukafunga safari hadi upande wa Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay, kwenda kumzika, na nyimbo zote arobaini zikawa si kitu.

Mazishi yalikuwa Alhamisi, kwani jamaa za mume wangu ni Waadventista Wasabato nao hawaziki siku ya Sabato. Kabla ya jeneza kushushwa, mwalimu wa watoto aliwaita watoto wa kanisa pamoja na wajukuu wa marehemu wapange mstari na kuimba wimbo ambao mzee aliupenda. Wakatoka katika umati, huyu kavaa sare ya shule, yule hana viatu. Mwanangu, kwa kuwa ndiye mjukuu wa kwanza wa kiume, akasukumwa mbele kabisa. Wimbo ukaanza. Akafungua mdomo, akaufunga, akanitazama. Kwa beti tatu alisimama pale kama mlingoti wa bendera, nami chini ya hema sikujua niuweke wapi uso wangu.

Hakuna aliyesema neno. Jioni, tukiwa jikoni, mama mkwe alichochea moto kidogo kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira: "Nyar Suna, siku nitakapokwenda mimi, huyu mjukuu wangu atasimama vile vile?"

Sikuwa na jibu.

Labda nieleze kwa nini aliniita hivyo. Kwetu mke huitwa kwa jina la alikozaliwa, nami nilizaliwa Suna, yaani mjini Migori na viunga vyake. Migori si Kendu Bay. Ni mji wa barabara kuu inayokwenda Isebania hadi mpaka wa Tanzania, na darasa letu la Jumapili tulipokuwa wadogo lilikuwa na Waluo, Wakuria waliotoka pande za Kehancha, Wakisii, na Waluhya ambao wazazi wao walikuja kutafuta mashamba. Mwalimu angefundisha kwa lugha gani? Kiswahili, bila shaka. Kwa hiyo tukaimba Kiswahili, tena kwa ngoma, kayamba na njuga za vifuniko vya soda tulizoziita peke. Kaseti za kwaya za Tanzania zilitufikia upesi, na kila mtoto alitaka kuimba kama Kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu. Nilikulia katika Ukatoliki, na Wakatoliki wa Migori na Homa Bay wako chini ya jimbo moja la Homa Bay, lililoanzishwa mwaka 1993 kutoka jimbo la Kisii. Hata hivyo ukitoka kanisa la mjini Migori ukaingia la kijijini kando ya ziwa, utadhani umevuka mpaka. Huko ni Dholuo mwanzo hadi mwisho.

Basi mimi mwenyewe nazungumza Dholuo vizuri, lakini nyimbo zangu za utotoni ni za Kiswahili. Nikaja Nairobi nazo, na mwanangu nikampa nilichokuwa nacho. Shuleni hakupata zaidi. Sera ya elimu nchini, tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, inasema mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha inayozungumzwa mahali alipo. Mahali alipo mtoto wa Umoja ni Kiswahili na Kiingereza. Wewe msomaji ambaye kwenu ni Meru, Kakamega au Taita, nadhani hadithi hii unaijua bila kusimuliwa.

Baada ya swali lile la jikoni niliona haya, nikakimbilia njia ya mkato. Usiku ule ule nilichukua karatasi nikaandika beti zote za wimbo wa mzee kutoka katika kitabu cha Wende Nyasaye, ambacho ndicho kitabu cha nyimbo cha Wasabato kwa Dholuo. Nikamwambia kijana akariri. Asubuhi alikuwa amekariri, maana kichwa chake ni chepesi. Lakini alipoimba mbele ya dani, yaani nyanyake, binamu zake waliangua kicheko hadi mmoja akamwaga uji.

Kosa lilikuwa langu. Mtoto alikuwa akisoma Dholuo kama Kiswahili. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, nasi hatufikirii sauti ipande au ishuke. Dholuo ni lugha ya toni. Chukua neno kendo. Kwa maandishi ni hilo moja, lakini kwa mdomo laweza kuwa mafiga ya jikoni, laweza kuwa kuoa, laweza kuwa "tena", kutegemea sauti inavyokwenda na irabu inavyotamkwa. Karatasi yangu haikuonyesha hata moja ya hayo. Nilimpa mtoto mifupa nikasahau nyama.

Sabato ilipofika nilimpeleka kwenye darasa la watoto, nami nikakaa kando kwenye mzizi wa mwembe, kwa sababu darasa lenyewe hufanyiwa chini ya mti. Jengo ni la watu wazima. Mwalimu ni msichana aliyemaliza kidato cha nne. Halipwi hata senti. Wazazi wanaokumbuka humletea mahindi wakati wa mavuno, na si wengi wanaokumbuka. Lakini katika saa moja niliyokaa pale nilijifunza mengi kuliko katika semina za malezi ninazolipia mjini.

Kwanza hakugawa kitabu. Kitabu kilikuwa ndani ya mkoba wake na hakikutoka. Alianza kwa kueleza wimbo unasema nini, kwa maneno ya kawaida, kama mtu anayepasha habari za sokoni. Wimbo wa siku ile ulihusu dhoruba. Akauliza nani amewahi kuona ziwa likichafuka usiku. Mikono ikainuka yote. Mtoto mmoja akasimulia mashua ya baba yake ilivyorudi bila nyavu. Wangu hakuinua mkono. Yeye Ziwa Victoria analijua kwa kulipiga picha wakati wa likizo.

Halafu akawafanya waseme maneno ya ubeti wa kwanza bila kuimba, jinsi yanavyosemwa nyumbani. Mara mbili, mara tatu. Ndipo akaleta sauti ya wimbo. Na hapa ndipo nilipomvulia kofia: kila ilipofika mahali ambapo wimbo unapandisha neno ambalo katika mazungumzo hushuka, alisimama akawaambia, "Hapa wimbo unadanganya kidogo, lakini nyinyi mnajua tunachosema." Watoto wakacheka, wakaendelea.

Je, kwa nini wimbo udanganye? Ni kwa sababu sauti nyingi za nyimbo za zamani zilitoka Ulaya na Marekani. Mmisionari Arthur Carscallen, raia wa Kanada, alifika Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906 pamoja na Peter Nyambo kutoka nchi ambayo leo ni Malawi. Ndiko Usabato wa nchi hii ulikoanzia, na Gendia ikawa hata na mtambo wake wa kupiga chapa. Wamisionari wa makanisa mbalimbali walijifunza Dholuo, wakatafsiri maneno ya nyimbo na kuyapanga juu ya sauti zile zile walizokuja nazo. Silabi zilitosha, toni hazikutosha. Wazee walizoea wakasikia maana kupitia mlemle, kama unavyomwelewa mgeni anayesema kwa lafudhi yake. Mtoto ambaye lugha imemjaa hapati shida. Anayepotea ni yule ambaye wimbo ndio lugha yake ya kwanza na ya mwisho, kama mwanangu na karatasi yake.

Wakatoliki nao walipata nafasi kubwa zaidi ya kutumia sauti za kwao baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kutoa hati yake juu ya liturujia mnamo Desemba 4, 1963. Ndiyo sababu kule Migori tulipiga ngoma kanisani huku watoto wenzetu Wasabato wakiimba kwa midomo mitupu. Nyatiti yenyewe, kinanda cha nyuzi nane cha Waluo, wamisionari wengi wa mwanzo waliiona ni ya matanga na pombe wakaiweka nje ya mlango. Turudi kwenye mwembe.

Kwa kuwa makofi hayapigwi katika kanisa lile, mwalimu aliwafundisha mwendo kwa kugonga kidole kimoja katikati ya kiganja. Watoto arobaini wakigonga hivyo, ni kama mvua ndogo juu ya majani. Wadogo kabisa aliwapa neno la mwisho tu la kila mstari, wakawa wanalingoja kwa hamu kama watu wanaongoja basi. Na hakuanzisha wimbo yeye mwenyewe. Alimpa msichana wa miaka kama tisa auanzishe. Baadaye nilimuuliza sababu, akanijibu kwamba mtu mzima akianzisha, huanza chini mno kwa koo lake, na watoto hubaki ama kunguruma ama kupiga kelele. Nilikumbuka kanisa moja la mjini, ambalo sitalitaja, ambako mwalimu wetu huwaambia watoto "Ongezeni sauti!" kila Jumapili hadi mishipa ya shingo iwasimame.

Ubeti mmoja tu kwa Sabato moja. Huo ndio mwendo wake. Mimi nilitaka vitatu kwa usiku mmoja.

Kuna jambo lilinikera, nalo nalisema kwa sababu nimeliona Homa Bay, nimeliona Migori na nimeliona Nairobi. Watoto hufundishwa kwa uvumilivu namna hii, kisha wakubwa huwatumia kama maua ya mezani. Mheshimiwa anakuja? Waiteni watoto waimbe. Wakasimama juani saa mbili wakimngoja, na akifika anakata wimbo katikati aanze kuhutubia. Mtoto aliyesubiri kusema neno lake la mwisho la mstari hakulisema.

Wala tusidhani Dholuo imeonewa siku zote. Ukivuka kutoka Mbita hadi Rusinga, au ukipanda mashua hadi Mfangano, uko katika nchi ya Abasuba. Wazee wao walizungumza Olusuba. Shule na kanisa vilikuja na Dholuo, watoto wakasoma na kuimba kwa Dholuo, na leo ni wachache mno wanaoweza kumwimbia nyanya yao kwa lugha aliyozaliwa nayo. Tunachofanya sisi Umoja kwa Kiswahili na Kiingereza, huko kilishafanyika kwa Dholuo.

Enyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, likizo ikifika mna simu mkononi. Mwombeni dani, au kuka, au susu, vyovyote mnavyomwita, aimbe wimbo mmoja nanyi mrekodi. Aseme kwanza maneno bila kuimba. Halafu mkae darasani chini ya mti pamoja na wadogo, hata kama ndevu zimeanza kuota. Mwanangu alikuwa mrefu kuliko wote siku ile, na aliketi na wale wa neno la mwisho. Hakufa.

Tuliporudi Nairobi sikumpa karatasi tena. Dani ndiye mwalimu. Kila Ijumaa jua likishatua, Sabato ikiingia, simu hulia. Kijana huimba, dani husikiliza, kisha husema neno lipi limekwenda kombo, na arudie. Wimbo wa mzee ulimchukua miezi mitatu. Sasa wako kwenye mwingine, ambao dani mwenyewe ameuchagua na hajasema ni wa nini, nasi hatujauliza. Kuna neno moja katika ubeti wa pili ambalo kijana hulishusha pale linapotakiwa kupanda. Ijumaa iliyopita alilirudia mara sita, dani akicheka upande ule na binamu zake wakimsahihisha kwa nyuma, hadi pesa za simu zikaisha kabla hawajafika ubeti wa tatu.