Baridi Huanzia Mgongoni

Ukipata kulala Bura, kule Tana River, usiku wa joto kali, utaona watu wakitoa kitanda cha kamba uani na kuliacha godoro ndani. Hewa hupita kati ya kamba, ikaupoza mgongo, usingizi ukaja.

Sasa mchukue kijana aliyezoea raha hiyo, umpeleke kambini Mlima Kenya na wenzake wa shule wakati wa likizo ya Agosti. Amebeba kitanda cha kuning'inia, kile cha kitambaa kinachofungwa kati ya miti miwili. Ifikapo saa nane za usiku meno yanagongana, na mablanketi mawili aliyojifunika hayamfai kitu. Ana kosa gani? Hana, ila amesahau kuwa hewa ile ile iliyomburudisha Bura inapita chini yake.

Hebu tupige hesabu. Bura iko karibu mita 100 juu ya usawa wa bahari. Kambi ya Met Station, katika njia ya Naro Moru ya kuupandia mlima, imezidi mita 3,000. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 za Selsiasi kila upandapo mita 1,000. Basi tofauti ni kama nyuzi 19! Maji ya Mto Tana yanayopita Bura hutoka huko huko Mlima Kenya na milima ya Aberdare, lakini yakifika chini hayana tena habari ya baridi ile.

Fahamu kwamba blanketi halina moto wake. Kazi yake ni kuizuia hewa iliyopashwa na mwili isitoroke. Ukililalia, uzito wako huikamua hewa hiyo, nalo likabaki kama shuka tu. Ndiyo maana kuongeza blanketi la tatu juu ni kazi bure, ilhali mgongo uko wazi.

Kwa hiyo anza na chini. Tandika mkeka wa sponji ndani ya kitanda, au katoni kavu ukikosa. Blanketi moja lifunge nje, chini ya kitanda, likigusa kitambaa bila kubanwa. Juu tundika turubai, na uliteremshe upande unaotoka upepo. Usifunge kitanda bondeni wala ukingoni mwa mto, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito, hutelemka na kutuama huko. Kabla ya kulala kula ushibe, vua nguo zenye jasho, vaa kavu, pamoja na soksi na kofia. Chupa ya maji moto iliyofunikwa vizuri na kuvikwa soksi hufaa sana.

Aidha, usithubutu kuingiza jiko la makaa hemani au chini ya turubai lililofungwa pande zote. Makaa hata yasipotoa moshi hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Familia nyingi nchini zimewazika wapendwa wao kwa sababu ya jiko lililowekwa chumbani usiku wa baridi.

Nanyi vijana, chunganeni. Mwenzenu akitetemeka sana, ulimi ukiwa mzito, akajikwaa au kusema maneno yasiyoeleweka, msimcheke. Na kutetemeka kukikoma ilhali bado mwili ni baridi, msidhani amepona. Hapo hali imezidi. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni juu na chini, na kama ana fahamu zake na anaweza kumeza, mpeni chai ya moto yenye sukari. Pombe msimpe kabisa, kwani humpotezea joto zaidi. Kisha mwiteni kiongozi upesi, ateremshwe na kupata matibabu.

Wazazi, msingoje siku ya safari. Usiku mmoja wa Julai, mkiwa Nairobi au Nakuru, kifungeni kitanda hicho uani, mtoto akilalie. Akishindwa na baridi, mlango uko karibu na kosa litarekebishwa kesho yake. Kule mlimani hakuna mlango. Tahadhari kabla ya hatari.

Hadi Jumapili ijayo, laleni salama.