Ukwaju, magadi na sufuria zetu

Ramadhani ikifika hapa Dodoma, uji wa ftari bila ukwaju au ubuyu huonekana haujakamilika. Neema hiyo Allah (SW) ametujaalia kwa wingi, mibuyu na mikwaju imetuzunguka. Leo lakini sizungumzii uji, nazungumzia chombo unachopikiwa.

Sufuria nyingi za majumbani ni za alumini. Madini haya ni mepesi, uzito wake ni kama theluthi ya chuma, tena hupitisha moto haraka, na hayaliwi na kutu. Kinachoyalinda ni utando mwembamba mno unaojitengeneza wenyewe yanapokutana na hewa. Utando huo una maadui wawili, uchachu na magadi. Ndimu, ukwaju, ubuyu na nyanya huula, na magadi tunayotia kwenye mlenda nayo huula vilevile. Akina mama wakiona weusi ndani ya sufuria hudhani ni uchafu, wakausugua kwa mchanga na majivu mpaka ing'ae. Kumbe majivu ni ndugu yake magadi!

Wapo wanaosema alumini yote ni sumu, itupwe. Sikubaliani nao. Figo nzima huitoa kwa njia ya mkojo sehemu kubwa ya alumini inayoingia mwilini, na ile kauli kwamba sufuria huleta ugonjwa wa kusahau uzeeni haijathibitishwa. Mgonjwa wa figo ndiye wa kuangaliwa zaidi.

Hofu yangu mimi ni madini ya risasi. Zile sufuria nzito za kusubu hutengenezwa kwa vyuma chakavu, yaani vipande vya injini, rejeta, makopo na chochote kilichochanganyika humo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, wa vyombo 42 kutoka nchi 10, Tanzania ikiwamo, ulikuta karibu theluthi yake vikitoa risasi kwa kiwango cha kutisha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Hudumaza akili ya mtoto, na humfikia hata aliye tumboni kupitia kwa mama yake. Haina rangi katika chakula wala harufu, hivyo hata mpishi hodari hawezi kuigundua.

Siwalaumu mafundi, wanatafuta riziki ya halali. Nazisemesha kamati za misikiti. Masufuria makubwa ya maulidi na walima mara nyingi ni hayohayo ya kusubu, na pilau lenye nyanya na ndimu hulishwa mamia ya watu, watoto wakiwa mbele. Mwenye nia ya kutoa sadaka ya vyombo anunue vya chuma kisichoshika kutu, hata kama ni kimoja badala ya vitatu. Vya kusubu vibaki kuchemshia maji ya kuoga.

Nyumbani, uji uipuliwe kwanza, ukwaju utiwe ukiwa tayari kwenye bakuli la udongo au la kioo. Juisi ya ubuyu isilazwe kwenye sufuria. Mlenda wa magadi una chombo chake tangu enzi za bibi zetu, nacho ni chungu, na vyungu bado vinauzwa. Na kiporo cha mchuzi wa nyanya kihamishwe mapema, kisingoje daku humohumo kilimopikwa.