Safari ya likizo nayo ni darasa

Kila shule zinapofungwa mwezi Juni, katika nyumba nyingi za watumishi wa mijini huzuka mabishano yale yale. Baba husema watoto wapelekwe tuisheni wasije wakasahau waliyofundishwa; mama husema waende kwa bibi yao. Mara nyingi tuisheni ndiyo inayoshinda, na bibi hutumiwa salamu kwa simu. Wazazi wanaoamua hivyo huamini kwamba wamechagua elimu na kuacha starehe. Imani hiyo ni kasumba, na yafaa ipingwe.

Jambo hili si geni nchini. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Hayati Mwalimu Julius Nyerere alionya kwamba shule iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni humfanya kijana adhani maarifa yote ya maana yamo vitabuni, na kwamba wazee wake wasiojua kusoma hawana la kumfundisha. Zaidi ya nusu karne imepita tangu onyo hilo litolewe, lakini kuna nyumba za wasomi ambamo bado halijasikika.

Tuchukue mfano wa familia inayosafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa. Kabla hata ya kufika Morogoro, watoto huvuka Mto Ruvu, ambao chanzo chake kimo katika milima ya Uluguru, na ambao huwapatia wakazi wa jiji sehemu kubwa ya maji yao. Mtoto aliyezoea kuona maji yakitoka bombani huelewa hapo kwa nini watu hukatazwa kufyeka misitu ya milima iliyo mbali na nyumba yake. Mbele zaidi, barabara hukatiza katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Halafu hupita bonde la mibuyu kando ya Mto Ruaha Mkuu na kupanda mlima Kitonga. Kitabu cha jiografia husema joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mtoto anayeshuka Iringa jioni ya mwezi Juni akitafuta sweta hahitaji kukariri kanuni hiyo, kwani mwili wake umekwisha kuithibitisha.

Karibu na mji wa Iringa kuna Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa. Darasani mwanafunzi husoma kwamba Wahehe waliwashinda Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891, na kwamba mwaka 1898 Mkwawa alijiua ili asikamatwe akiwa hai. Akilijibu hilo kwenye mtihani hupata alama zake. Lakini akisimama mbele ya fuvu la shujaa huyo katika jumba la makumbusho la Kalenga, huuliza swali ambalo mtihani hauulizi: kwa nini fuvu hilo, ambalo Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza lirudishwe, lilirejea nyumbani mwaka 1954 tu? Mtoto anayeuliza hivyo ameanza kuelewa ukoloni ulikuwa nini.

Somo kubwa zaidi humngoja kijijini. Huko hujifunza kusema "kamwene" kabla ya kuomba chochote. Huona mahindi yakivunwa na kuhifadhiwa katika kihenge, na mikono yake huota malengelenge. Sokoni humkuta mkulima akiuza viazi kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa hadi likaota kichwa, lakini bei yake ikawa ya gunia moja. Hesabu ya kutoa na kujumlisha aliyoifanya daftarini hugeuka kuwa hesabu ya jasho la babu yake. Kijana huyo akiwa ofisa siku moja, mkulima atakayeingia ofisini mwake hatakuwa mgeni kwake.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba safari yaweza kuchukua nafasi ya shule. Sehemu, milinganyo na kanuni za sarufi hazifundishwi dirishani mwa basi. Zinataka mwalimu, mpangilio na mazoezi ya kila siku. Tena safari peke yake haifundishi. Mtoto aliyelala toka Ubungo hadi Iringa, huku mzazi wake akichezea simu, amebebwa tu kama mzigo. Darasa humpa mtoto macho ya kuonea, na safari humpa cha kuona.

Wapo watakaosema kwamba nauli ni ghali, nao wana haki. Familia nyingi za wakulima hazina uwezo wa kusafiri kwa ajili ya kujifunza. Lakini utaratibu wa utumishi wa umma humpa mtumishi nauli ya likizo, yeye na familia yake, kila baada ya miaka miwili. Si siri kwamba wapo wanaoipokea kisha wakabaki mjini, fedha zikaishia kwenye mambo mengine. Mtumishi wa namna hiyo amewanyima watoto wake darasa ambalo umma umekwisha kulilipia.

Walimu nao wana wajibu wao. Badala ya kuwapa wanafunzi maswali mia moja ya kunakili wakati wa likizo, wawaagize wachore ramani ya njia waliyopita, wamhoji mzee mmoja, waandike bei za mazao sokoni. Asiyesafiri afanye hivyo hivyo katika mtaa au kijiji chake. Shule zikifunguliwa, kila mmoja awasimulie wenzake, ili safari ya mtoto wa mtumishi iwe faida pia kwa mtoto wa mkulima aliyebaki nyumbani, naye mtoto wa mkulima amfundishe mwenziwe yale ambayo yeye huyaona kila siku.

Wahenga walisema tembea uone. Mzazi aliye na nauli mkononi na bibi wa watoto wake akingali hai asingoje likizo nyingine.