Utani Usio na Watani

Watetezi wa vijana wa Marekani wanaocheza soko la hisa kwa simu wana hoja moja wanayoipenda kuliko zote: kwamba lugha ya vijana wale ni utani tu, na kwamba mzee asiyeielewa asiipe uzito usio wake. Mimi nimefundisha walimu wa lugha kwa miaka mingi, na sijapata kukutana na misimu iliyokuwa utani "tu". Maneno ya mitaani huzaliwa kwa sababu, na hudumu kwa kuwa ipo kazi yanayoifanya. Linalopasa kuulizwa ni kazi gani hiyo, na inafanywa kwa faida ya nani.

Kwanza nitoe haki panapostahili. Baraza liitwalo WallStreetBets, lililoanzishwa mwaka 2012 katika mtandao wa Reddit, lina wachekeshaji hodari. Faida wanaiita vipande vya kuku wa kukaanga, kana kwamba mtu mzima bado anakaa kwa mama yake na kumdai zawadi ya mtoto. Neno la Kiingereza la hisa wanaliandika kwa makosa makusudi, stonks, ili kumkejeli bwana wa suti na tai anayejifanya anajua kila kitu. Wenyewe wanajiita sokwe, kutokana na filamu ambamo sokwe waliungana wakawa na nguvu. Na liko neno hodl, lililotoka kwa jamaa zao wa sarafu ya Bitcoin. Neno hilo lilizaliwa Desemba 2013, pale mtu mmoja aliyekwisha kunywa wiski alipotaka kuandika kwamba yeye anashikilia sarafu zake wala haziuzi, akakosea herufi. Kosa likawa bendera. Asiyecheka hapo ana lake jambo.

Aidha, vijana hao walikuwa na hoja. Matajiri wa Wall Street walikuwa wamekopa hisa za GameStop, kampuni ya maduka ya michezo ya video, wakaziuza kwa matumaini ya kuzinunua tena kwa bei ya chini, wazirudishe kwa wenyewe na kubaki na tofauti. Walizidisha mno, hata hisa zilizouzwa kwa njia hiyo zikapita idadi ya hisa zilizokuwa huru sokoni. Vijana wakaliona hilo, wakanunua kwa wingi. Hisa iliyokuwa dola 17 hivi mwanzoni mwa Januari 2021 ilifunga kwa dola 347 tarehe 27 ya mwezi huo, na kesho yake ikagusa dola 483. Mfuko mmoja wa matajiri, Melvin Capital, ulipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake katika mwezi huo mmoja, na mwaka 2022 ukaamua kufunga kazi. Nani asiyefurahi kumwona tembo akisumbuliwa na sisimizi?

Lakini hebu msomaji tazama maneno mawili yaliyotawala siku zile. Anayeshikilia hisa bila kuuza, bei ipande ishuke, ana mikono ya almasi. Anayeuza ana mikono ya karatasi. Basi. Katika kamusi yao yote hutapata jina la heshima la mtu aliyeuza kwa wakati wake, akaweka fedha zake mfukoni na kwenda zake. Na kuuza ni nusu ya biashara! Mchuuzi wa nyanya anajua kwamba nyanya isiyouzwa leo kesho ni ya kutupa, wala hakuna atakayemwita mwoga kwa kuimaliza tenga lake kabla ya jua kuchwa. Lugha ya sokwe imemnyang'anya mtu neno la kutokea mlangoni. Kuingia kuna majina kumi, yote matamu. Kutoka kuna jina moja, nalo ni tusi.

Matokeo yake yalionekana upesi. Kufikia tarehe 19 Februari 2021 hisa ile ile ilikuwa imeshuka hadi dola 40 hivi. Aliyenunua kwa dola 347 na kuishika kwa mikono yake ya almasi alikuwa amebakiwa na dola 12 hivi katika kila 100. Wapo waliopata faida kubwa, sikatai. Ila ili mmoja auze kwa dola 347, hapana budi awepo mwingine wa kununua kwa dola 347, na ni vema zaidi kwa muuzaji kama huyo mwingine ameshafundishwa kuona aibu kuuza. Kicheko kilimwandaa mnunuzi huyo vizuri kuliko dalali yeyote.

Tena vijana wengi walinunua kupitia programu ya Robinhood, ambayo haikuwatoza ada. Riziki yake kubwa ilitokana na kupeleka maagizo yao kwa wafanyabiashara wakubwa, ambao waliilipa kwa kupelekewa kazi hiyo. Mmoja wa wakubwa hao ni Citadel Securities, kampuni ya Ken Griffin. Na nani aliyemwokoa Melvin alipokuwa akizama? Kampuni mbili ziliingiza kwa pamoja dola bilioni 2.75, na mojawapo ilikuwa Citadel, ya Griffin huyo huyo. Yaani kila dhihaka aliyotupiwa tajiri, ikimfanya kijana mmoja zaidi abonyeze kitufe cha kununua, ilikuwa ikimpatia tajiri senti.

Kisha liko tamko linaloniudhi kuliko yote: "Huu si ushauri wa fedha." Asili yake ni onyo la kisheria. Kwa sokwe limekuwa kiungo cha mzaha, hutiwa mwishoni mwa maneno ambayo kwa kila hali ni ushauri: nunua, shikilia, usiuze, tunakwenda mwezini. Msemaji hupata vyote viwili, kusikilizwa kama mshauri na kusamehewa kama mchekeshaji. Elon Musk hakuhitaji hata kauli hiyo. Tarehe 26 Januari 2021 aliandika neno moja, "Gamestonk!!", likasomwa na mamilioni. Ukimwuliza, ni mzaha.

Sisi tunaujua utani, na ndiyo maana sikubali neno hilo litumike ovyo. Mzaramo na Mnyamwezi hutukanana wakacheka, lakini utani wao una deni ndani yake. Msiba ukitokea mtani hufika. Huwachekesha wafiwa katikati ya kilio, na huyafanya hayo akiwa na jembe mkononi, kwa kuwa kaburi nalo ni kazi yake. Sokwe wa mtandaoni akipoteza akiba yake huonyesha picha ya hesabu yake iliyokauka, hupigiwa makofi, huwa shujaa wa jioni moja. Hakuna anayekuja na jembe. Wamemfanya aone fahari mahali ambapo alistahili kushikwa mkono na kurudishwa nyumbani.

Nao wakubwa wameshajifunza lugha hiyo. Mwaka 2022 Ryan Cohen, mwenyekiti wa GameStop, alikuwa pia na fungu kubwa la hisa za Bed Bath & Beyond, maduka ya vyombo vya nyumbani yaliyokuwa taabani. Tarehe 12 Agosti, akijibu habari mbaya juu ya maduka hayo, aliandika maneno machache ya kejeli na kuweka kikatuni cha mwezi unaotabasamu. Sokwe wakaelewa: mwezini! Kabla ya wiki kwisha alikuwa ameuza hisa zake zote. Walionunua walimshtaki, na Julai 2023 jaji alikataa kuifuta kesi kwa hoja kwamba kile ni kikatuni tu. Alisema kikatuni nacho chaweza kubeba ujumbe, kama neno.

Wakati huo kampuni ilikuwa imekwisha kuomba mahakama iitambue kuwa muflisi, tangu Aprili 2023. Septemba mwaka huo hisa zake zote zilifutwa, na wenye hisa hawakupata hata senti. Hata baada ya hapo, baadhi ya sokwe waliendelea kuandikiana kwamba watulie, hisa zitarudi, mikono yao ni ya almasi.